Dawa Iliyobaki Chupani

Shemeji yangu Margwe ana huruma mno, na huruma hiyo ndiyo iliyotumaliza. Nasema kwa uchungu, wala simsengenyi.

Mkewe Ludovika, dada yangu wa tumbo moja, alifariki kwa jipu la ini. Hospitalini daktari huyu alisema sindano za dawa zinatosha, yule akasema usaha unyonywe kwanza. Walibishana siku nne, dada akatutoka. Kwa hiyo Daktari Severine alipofika kijijini kwetu Mogitu kutafuta mtu wa kulisha kondoo wa utafiti wa majipu hayohayo, Margwe aliacha palizi ya mahindi yake akaenda.

"Nataka ijulikane, Yusta," aliniambia. "Wasibishane tena juu ya mke wa mtu."

Kondoo ishirini na nne waliambukizwa vijidudu kwenye ini. Wanane walichomwa sindano tu, wanane wakanyonywa usaha na kuchomwa sindano, wanane hawakupewa kitu, ili tofauti ionekane. Mimi nilikuwa nafagia banda. Wale wanane wa mwisho, jamani! Walilala wakisaga meno, majani hata hawayatazami.

Wiki ya tatu wakaanza kula. Daktari akapima damu yao, akarudia kupima, akamwita Margwe.

"Shikamoo baba. Kuna mtu amewapa hawa dawa?"

"Marahaba. Ni mimi, mwanangu," akajibu bila wasiwasi. "Chupa zilikuwa zinabaki na kidogo kidogo. Sisi wafugaji hatutupi dawa wakati mnyama anaumwa. Nikawagawia hawa, na wale wengine wote waliozidiwa."

Mungu wangu! Nilishindwa kujizuia. "Shemeji, hicho ni kichwa au boga? Hao ndio walikuwa kipimo, na sasa makundi yote umeyachanganya!"

Daktari hakufoka. Alikaa juu ya ndoo akalia, na hapo ndipo Margwe alipoelewa.

"Basi tuanze upya," akasema. "Nina kondoo wangu kumi na mmoja. Chukueni bure."

"Haiwezekani, baba. Kibali kinaisha mwezi huu. Na hawa wote wana vijidudu, itabidi wauawe, wafukiwe."

Shimo Margwe alilichimba peke yake siku mbili, akakataa msaada wangu.

Wiki iliyopita Emilian wa kijiji cha Dirma alilazwa, ini limejaa usaha. Mkewe alikuja mbio kwa Margwe, kwa kuwa alisikia amefanya kazi na watafiti.

"Shikamoo mzee. Wanataka niamue. Achomwe sindano tu, au wamnyonye?"

Margwe alimvutia yule mama kigoda akae.

"Sijui, mwanangu," akamjibu. "Ingekuwa imejulikana. Nimeharibu mimi."