Kibao Kwenye Zizi la Ng'ombe

Nilipokuwa darasa la tano, shule zilipofungwa Agosti nilitumwa kutoka Kitale kwenda kwa Kukhu, bibi yangu mzaa mama, upande wa Mabanga. Karibu na kwake, kando ya barabara ya kwenda Bungoma, palikuwa na rundo la mawe. Chini yake walizikwa watu waliokufa Wazungu walipovunja ngome yetu ya zamani. Walilazwa ndani ya handaki la ngome yenyewe, wakafukiwa. Babu yake Kukhu alikuwa mmoja wao. Ukipita hapo unang'oa nyasi, unazirusha juu ya mawe na kutaja ukoo wako. Usipotaja, mmoja wao atakufuata nyumbani akitaka kujua wewe ni nani. Mimi nilikuwa narusha mara mbili, kwa kuogopa kwamba ya kwanza nimeikosea.

Likizo hiyo kamati fulani ya historia ilileta kibao: nguzo ya saruji, bamba la chuma, na maandishi yaliyosema kwamba hapa ndipo walipozikwa mashujaa wa ngome. Wakakisimamisha kwenye njia panda, karibu na mashine ya kusaga mahindi. Nilihesabu hatua kutoka kwenye mawe, nikarudia mara tatu. Mia mbili na arobaini. Na sababu? Ati hapo magari ya wageni yangepata mahali pa kusimama. Nikiikumbuka sababu hiyo, hadi leo napandwa na hasira.

"Hapo hakuna mtu," Kukhu alisema. "Hapo ilikuwa zizi ya ng'ombe ya baba. Sasa tusimame tulilie mavi ya ng'ombe?"

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, alinichagua nisome maandishi yale siku ya uzinduzi kwa sababu mtoto wa Kitale hakwamikwami. Kukhu akaniita jikoni.

"Soma yao yote. Ukimaliza, sema watu wako kwa mawe. Hiyo moja tu. Ukiita wafu mahali hawako, sauti yako wataenda nayo."

"Nitasema, Kukhu."

"Si unaniambia kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nilisoma bila kosa. Kukhu alikuwa mstari wa mbele, katika gauni lake la kanisani, ameinama kidogo kama anayeogopa kupitwa na neno. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa bado naamua kama niianze na "lakini" au "ila". Mwenyekiti akaanza kupiga makofi, chifu akafuata, watu wote wakafuata. Nikakaa. Kukhu hakungoja soda. Nilimwona mgongo tu akivuka barabara, nyasi mkononi.

Kesho yake sikuwa na sauti.

Binamu zangu huisimulia hii kila Krismasi, na kila Krismasi wanaongeza siku. Sasa imefika wiki mbili. Zilikuwa siku nne. Nilikuwa na homa, koo lilivimba, zahanati walinipa dawa, na dawa ilifanya kazi. Nimewaeleza mpaka nimechoka. "Na mbona kesho yake tu, bana?" wananiuliza wakicheka. Kukhu mwenyewe alinichemshia maji ya chumvi, akanishikia kikombe.

Nilikuwa nimemaliza sekondari barabara ilipopanuliwa. Kukhu akanipigia simu. "Nafula, tingatinga iko kwa mawe. Kuja uwaambie. Si ni wewe ulisoma?"

Nilipofika kutoka Kitale, nusu ya mawe ilikuwa tayari kwenye lori. Msimamizi alikuwa mtu wa adabu. Alinisikiliza nikimweleza yote kwa mpangilio: handaki, babu yake Kukhu, zizi.

"Madam, sisi tunaheshimu historia sana," alisema. "Ona vile tumezunguka ile kibao."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wamepinda mtaro mzima ili wasikiguse, wakakizungushia mawe yaliyopakwa chokaa.

"Imeandikwa ni pale. Hata shosho wako huyo tumemwonyesha."

Kukhu alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, nyasi mapajani, hajui tena azirushe wapi.

"Mwambie tena," alisema.

Nikamwambia tena. Alinisikiliza tena, kisha akampungia dereva mkono aendelee.

Koo langu nawaachia binamu, wafanye nalo watakavyo. Sauti ambayo Kukhu alinionya juu yake ni ile ya siku ya uzinduzi, chifu akiwa pale, mwenyekiti akiwa pale, saruji ikiwa mbichi. Ile haikurudi baada ya siku nne. Siku hizi nikipita nahesabu kutoka kwenye kibao, lakini miguu yangu imerefuka, na kila mara ile mia mbili na arobaini inanifikisha mahali tofauti. Narusha nyasi kwenye lami, nataja ukoo wetu. Kisha nasogea mbele kidogo, bodaboda wakinipigia honi, narusha tena.