Mlango wa Nyumba Nyingine

Sitara alinipa habari tukiwa kwenye foleni ya sukari, mwanangu Candida amelala mgongoni.

"Mama Candida, tafuteni chumba mapema," alisema bila kunitazama. "Nyumba yenu inapigwa mnada. Yule bibi yenu hajailipa serikali kodi ya nyumba, mwaka wa nane huu."

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima unajua, isipokuwa nyie mnaolala ndani. Pango lenu analipokea, la wenzenu analipokea, halafu anajifunga kanga mpya. Muulizeni anapeleka wapi."

Mwanamke aliyekuwa mbele yetu aligeuka, akacheka kidogo. Sitara ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anapika vitumbua, na habari zake mara nyingi huungua upande mmoja. Siku nyingine ningecheka na mimi. Lakini Jumatatu iliyopita nilikuwa nimemwona kijana amesimama ng'ambo ya barabara, ameshika ramani, anahesabu milango kwa kidole. Alipofika kwetu kidole kilisimama, akaandika kitu, akaondoka.

Bi Mgeni ndiye mwenye nyumba yetu hapa Gerezani, karibu na karakana za reli anakofanya kazi mume wangu Augustino. Nyumba ni ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani kuna jiko na choo. Yeye na marehemu mumewe, Mzee Pazi, waliijenga chumba kimoja kimoja, mumewe akibeba mizigo stesheni, yeye akiuza uji kwenye geti la reli. Walianza na miti na udongo. Saruji ilikuja baadaye, ukuta mmoja kwa mwaka. Hawakujaliwa mtoto. Nilipojifungua Candida mama yangu akiwa mbali Rombo, Bi Mgeni ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini, na alikuwa akimwimbia mtoto kwa Kizaramo mpaka mimi ndiye ninayesinzia.

Na kodi alikuwa analipa. Mara mbili nimeona kwa macho yangu. Karatasi ya kodi ikiletwa, aliichukua akatoka nayo nje, akainyanyua kando ya kibati cha namba kilichopigiliwa juu ya mlango, akavisoma vyote viwili kwa sauti. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, na alikuwa na fahari nako. "Kumi na mbili, kitalu sitini na tatu," alisoma kwenye karatasi. "Kumi na mbili, kitalu sitini na tatu," alisoma mlangoni. "Haya, ni yangu." Kesho yake alikwenda kulipa, akarudi, stakabadhi akaichoma kwenye msumari ukutani kwake.

Kwa hiyo nilirudi na sukari yangu nikijiambia Sitara kaunguza tena. Nikamkuta yule kijana wa ramani amesimama barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai, bibi. Naitwa Theophil, natoka ofisi ya kodi za nyumba." Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu, nikajua hata kabla hajataja jina; nikamsalimia kwa Kichaga, akaitikia. "Kiwanja hiki ni namba thelathini, kitalu hamsini na nane. Hakijalipiwa tangu mwaka sabini na moja. Karatasi zake zote zilirudi ofisini, zimeandikwa nyumba haikuonekana."

Bi Mgeni alicheka. "Umepotea njia. Hiyo si namba yangu. Hebu tazama juu ya mlango."

Theophil alitazama mlangoni, akatazama ramani, akarudi mlangoni. Akaikunja ramani.

"Kumi na mbili, sitini na tatu ni ghorofa, bibi. Lile la serikali, kule karibu na soko. Kibati hiki umekitoa wapi?"

Kicheko kilimkauka usoni. Aliushika mlango kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Kilikuja na mlango," alisema.

Ndipo akaeleza. Mwaka wa sabini, mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, jina lake Ravindra, alibomoa nyumba yake ya zamani ajenge ghorofa. Milango akaiuza. Mzee Pazi akaupenda mmoja, wa mninga, una maua yamechongwa pembeni. Akaununua, akaupakia kwenye mkokoteni mpaka Gerezani, fundi akautia bawaba siku hiyo hiyo. Kibati cha namba cha nyumba ya Ravindra kilikuwa bado kimepigiliwa juu yake. Mzee Pazi alikiona kinang'aa, akakiacha kuwa pambo. Nyumba yao haikuwa na kibati chochote.

Mwaka uliofuata ghorofa la Ravindra likataifishwa, yeye akaondoka nchini. Mpeleka karatasi za kodi akawa anatafuta namba kumi na mbili; ghorofa jipya halikuwa na kibati, na mahali pekee mjini palipoandikwa namba hiyo ni mlangoni kwetu. Miaka minane Bi Mgeni amelipia ghorofa la watu, na nyumba yake mwenyewe haikuonekana.

Theophil alisikiliza mpaka mwisho. Alizitazama stakabadhi moja moja.

"Mimi sikukatalii, bibi. Lakini kibati mtu anaweza kukipigilia jana. Na hizi stakabadhi za nyumba nyingine, mkubwa wangu atauliza umeziokota wapi. Lete mtu aliyeuona mlango ukiletwa, aape mbele ya hakimu. Una siku kumi na nne. Zikipita, inauzwa." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Awe ameuona kweli. Wiki iliyopita mmoja aliapa uongo kumsaidia shemeji yake. Yuko ndani mpaka sasa."

Aliomba radhi, akafungua kopo, akaandika 30/58 ukutani kwa rangi nyekundu. Rangi ilikuwa nyepesi. Ilichuruzika mpaka kwenye sakafu ya baraza, na Bi Mgeni akaifuta na kitambaa hapo chini, ile ya juu akaiacha.

Siku ya tatu wapangaji wa vyumba vya mbele walihama. Hawakuaga. Siku ya sita alikuja mwanamume aliyevaa suti ya kaunda, akaingia ukumbini bila hodi. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akahesabu mabati kutoka uani. Bi Mgeni alikuwa amekaa pale pale anapepeta mchele, mtu yule akampita kama anapita kinu. Mimi akanisemesha.

"Chumba hiki mnalala wangapi?"

"Watatu."

"Na mtoto." Aliandika. "Mtoto hahesabiwi," akasema, akaandika tena, akatoka.

Bi Mgeni aliendelea kupepeta mchele ambao haukuwa na pumba tena.

Wakati huo alikuwa anatafuta mtu wa kumtolea ushahidi. Mzee Pazi yuko kaburini. Ravindra hakuna ajuaye nchi aliyoko. Fundi aliyetia bawaba alipandishwa lori ile operesheni ya kuwarudisha vijijini watu wasio na kazi, na kijiji alichoshushwa hakijulikani. Lori hilo Bi Mgeni alilitaja mara nyingi siku zile. Mwanamke wa miaka sitini na sita, hana kazi, hana mume, akikosa na nyumba, hana hoja ya kukaa mjini. Kisarawe kwao hakuna aliyebaki.

Akabaki Sitara. Nilimwendea mwenyewe, nikamkuta anageuza vitumbua.

"Kumbe bibi yenu ana ghorofa sokoni," alinipokea. "Mwambieni akahamie huko, ana risiti."

"Sitara, wewe ulikuwepo mlango ulipokuja. Ulinihadithia mwenyewe, mkokoteni ulivyokwama kwenye matope mkausukuma."

"Mimi nimehadithia mengi."

"Ni maneno matatu tu mbele ya hakimu."

Aligeuza vitumbua vyote, mpaka vile vilivyokuwa vimeshaiva. Kisha akasema polepole, na utani haukuwamo tena, "Mama Candida, karatasi yangu ya kodi ya mwaka juzi iko chini ya godoro, sijailipa. Ya mwaka jana pia. Nisimame mbele ya hakimu, aniulize jina na nyumba ninayokaa? Sikumbuki mlango. Ukirudi hapa utakuta bado sikumbuki."

Nilimweleza Augustino jioni. Alikuwa anakula, akaacha. "Wewe umefanya vya kutosha," alisema. "Usiongeze hatua. Hakimu hamhurumii mtu kwa kuwa ananyonyesha."

Siku ya kumi na tatu, baada ya chakula cha mchana, Bi Mgeni alibisha hodi chumbani kwangu. Hajawahi kubisha hodi. Husukuma pazia tu akaingia. Candida alikuwa ananyonya. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, stakabadhi zake amezifunga kwenye pindo la kanga.

"Mama Candida, wewe ulikuja mjini mwaka gani?"

"Sabini na saba, bibi. Baada ya ndoa."

"Kabla ya hapo? Hata likizo ya shule, kumtembelea shangazi?"

"Sikuwahi."

Alimshika Candida mguu, akamfuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Yule kijana ni wa kwenu. Nimewasikia mkisalimiana kwa Kichaga. Na kila Jumapili unapita mtaa huu na Biblia mkononi, hakuna asiyekujua. Mimi simwombi mtu anizulie. Mlango ulikuja, Mungu aliuona ukija. Mimi nimekosa macho ya mtu tu."

"Bibi," nilisema, nikamhamishia Candida ziwa la pili.

"Mwaka wa sabini ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mbili."

"Inatosha kukumbuka." Aliuachia mguu wa mtoto. "Twende wote kesho asubuhi. Ushike hiyo Biblia yako, useme ulikuwa umesimama pale barabarani, ukauona mkokoteni unapita na mlango wangu juu yake. Wakikuuliza kingine, sema ulikuwa mtoto."