Kiti Kisicho na Msumari

Saa mbili asubuhi, katika chumba namba nne cha eksirei, mpiga picha wa miaka hamsini na tisa anafuta kiti cha mbao kilichotobolewa katikati. Wenzake wanamwita Mama Kiti.

"Waite tu," anasema. "Wanaokicheka hawajakikalia."

Wa kwanza kukikalia leo ni mama wa watoto wanne. Kwa miaka sita, akienda haja kubwa hujikamua nusu saa na kutoka hajamaliza. Ameambiwa ni bawasiri, akapewa mafuta ya kupaka. Mara mbili amepigwa picha amelala chali. Mara mbili ameandikiwa hana tatizo. Kesho daktari wa upasuaji ataamua: amtibu, au amrudishe nyumbani na kopo jingine la mafuta.

"Nani anakwenda haja amelala?" Mama Kiti anauliza. "Bawaba mbovu utaijuaje mlango haujafunguliwa?"

Hasira hiyo ina miaka thelathini. Mama yake mzazi aliugua hivyohivyo, akaandikiwa kwenye cheti kwamba anajidekeza. Aliishia kula mlo mmoja kwa siku, akiogopa choo kuliko njaa. Mpaka leo bintiye anaikumbuka rangi ya wino ule: kijani.

Kiti cha kiwandani kiliombwa miaka tisa iliyopita. Barua sita zimekwenda, jibu halijarudi hata moja. Mama Kiti akamwendea seremala, akamwagiza asitie msumari, maana chuma huharibu picha.

"Choo bila msumari, dada?" seremala alishangaa. "Unamjengea malaika?"

Mgonjwa ameshawekewa kwa nyuma dawa nyeupe nzito, ile inayoonekana kwenye eksirei. Anatakiwa kuisukuma huku mashine ikirekodi. Hawezi. Machozi yanamlengalenga.

"Dada, jambo hili nimelelewa kulifanya mafichoni."

"Sote, mdogo wangu. Hata mkurugenzi."

Mgonjwa anacheka bila kupenda. Mama Kiti anavuta pazia alilolishona mwenyewe, anafungulia bomba maji yatiririke, kisha anaingia nyuma ya ukuta wa kinga.

"Uko peke yako sasa. Mimi na mashine tu huku."

Dakika ya kwanza, dawa haisogei. Ya pili, dawa inashuka kwenye skrini, halafu inakwama. Ukuta wa utumbo unajikunja na kuingia ndani, kama mkono wa shati lililovuliwa kwa pupa, na kuziba njia.

Anamwita aje aone. Mgonjwa anagusa skrini kwa kidole.

"Kumbe sikuwa najitia ugonjwa."

"Hukuwa."

Mama Kiti anachukua kalamu, anaandika kwenye fomu: "Amepigwa picha akiwa amekaa, akisukuma." Wino ni wa kijani. Hanunui wa rangi nyingine.

"Mwakani nastaafu," anasema. "Kabla sijatoka, nataka maneno haya yachapwe kwenye fomu zote. Asiwepo tena wa kumlaza mtu chali halafu akamwambia hana kitu."

Anazima bomba, anachukua kitambaa. Nje kuna wengine watatu.