Kipimo cha Sare

Kwa fundi cherehani wangu wa Nyamirambo, msichana ameshona likizo nzima akitafuta karo yake ya sekondari. Juzi fundi alininong'oneza: "Pesa yake ilikwisha. Vita ilileta jamaa toka Byumba, wote wanakula kwao."

Mama mmoja akaja kuchukua sare ya bintiye.

"Binti yangu iko sawa na wewe. Vaa kidogo nione."

Msichana akaivaa juu ya gauni lake, akageuka taratibu mbele ya kioo.

"Imekukaa! Pindo umeacha refu? Bado atakua."

"Nimeacha, mama. Ataivaa mpaka amalize."

Kisha akafungua vifungo kimoja kimoja, bila haraka.

Jumatatu shule zinafunguliwa, likizo inakwisha. Ya kwake ndiyo kwanza inaanza.