Kitana cha Mama na Fundi wa Queensbury

Juzi nilikuwa kituo cha basi nilipopigiwa simu kwamba fundi wetu wa Queensbury, hapa London, amefariki. Nilihuzunika, kisha, Mungu anisamehe, nikacheka peke yangu hadi basi likanipita. Nilikumbuka siku aliyonifukuza dukani kwake kwa ajili ya kasa.

Alikuwa Muhindi wa Mombasa, mtengenezaji wa vito na vitu vya kale. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu wawili. Mama alituachia kitana kimoja cha gamba la ng'amba, yule kasa mwenye gamba la madoa, nacho nakitunza mimi. Mdogo wa mwisho, aliyeolewa Maskati, alikitaka kwa arusi ya bintiye. Wa kati, aliyeko Unguja, naye akakitaka, na wakaacha kusemezana. Nikaona dawa ni kununua viwili vingine. Nikaenda kumweleza fundi kisa chote, kwani alikuwa navyo kwenye droo, vya marehemu baba yake.

“Ninavyo, lakini siuzi. Sheria inamlinda mnyama huyu, anakaribia kwisha.”

“Ah, bwana fundi! Huyo kashakufa zamani. Ukimfungia kwenye droo atafufuka?”

“Hafufuki. Lakini leo umenunua wewe, kesho atataka jirani, keshokutwa mtu ataingia baharini kumsaka mwenzake. Na hicho chako usithubutu kukipeleka Maskati bila kibali, watakichukua uwanja wa ndege.”

“Basi wadogo zangu niwaambie nini?”

“Waambie mama yenu alikuwa mmoja. Wanaotaka kitana wapande ndege. Haya, toka, mama, nafunga!”

Nilitoka nimenuna. Wiki ya pili akaniita, akanipa vitana viwili alivyovichonga mwenyewe, vinang'aa. “Pembe ya ng'ombe,” akasema. “Huyu hamaliziki, ingawa mnamla kila Idi.”

Nikawafikishia wadogo zangu maneno ya fundi, na wa Maskati akaja London na bintiye kabla ya arusi. Wa kati kusikia, akaja mbio, asije mwenziwe akakishika peke yake. Wakakaa sakafuni jikoni kwangu, bibi arusi katikati, mmoja anachana kwa kitana cha Mama, mwingine anasuka. Hadi nywele zinaisha kusukwa, ugomvi ulikuwa umekwisha, na vile vya pembe wakarudi navyo, kila mmoja na chake.

Nilidhani sheria ile ni ya kuninyima. Kumbe kilicho adimu hakilindwi kwa kila mtu kuwa na chake, bali kwa kukubali kwamba ni kimoja, tukakizunguka wote. Mwezi ujao wadogo zangu wanakuja tena. Hakuna arusi. Wanasingizia kitana.