Safari ya Kufuta Namba Tisa

Mama Oduor alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa bado na hasira za Jumamosi. Jumamosi hiyo timu ya taifa ilifungwa bao moja bila jibu, tena nyumbani. Mwanawe, Oduor, anayecheza mpira wa kulipwa Ulaya, ndiye aliyewekwa mbele kutufungia mabao. Alipata nafasi mbili za wazi. Ya kwanza alipaisha, ya pili akampa kipa mikononi. Mimi na wenzangu, ambao hutazama mechi pamoja kwenye kibanda kimoja cha kinyozi mtaani Kondele, Kisumu, tulimsema mpaka makoo yakakauka. Sitajificha: mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilisema huko Ulaya kazi yake ni kusugua benchi.

"Fundi, kuja utoe jina ya Oduor kwa boti," Mama alisema. "Hata hiyo namba. Toa zote."

Boti hiyo naijua. Kazi yangu ni kuandika mabango, milango ya maduka na majina ya boti. Miaka minne iliyopita, Oduor alipopata timu ng'ambo, mamake alinunua boti ya kuvulia pale Asembo Bay, nami nikaiandika ubavuni: ODUOR 9, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Niliringa nayo wiki nzima. Nikamuuliza Mama sasa kulikoni.

"Anarudi Ulaya Alhamisi usiku na amekataa kuja nyumbani. Anasema watu watamcheka mpaka hapa kwa bichi, kwa wavuvi. Sasa nikitoa jina, labda atakuja hata siku moja nimuone."

Hasira zangu zilipungua kidogo. Nikamwambia nitafika kesho yake.

Jumanne, saa moja asubuhi, nilifunga mikebe ya rangi, msasa na brashi nyuma ya pikipiki yangu nikatoka Kisumu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na lami ilikuwa safi. Pale Kisian niliiacha barabara ya Maseno ielekee zake, nikashika ya kushoto, ile ya Bondo. Kuanzia hapo magari ni machache, na unapopanda vilima ziwa linajitokeza upande wa kushoto, kisha linajificha tena. Niliendesha polepole kwa sababu ya mikebe. Mkebe wa rangi nyekundu ukifunguka safarini, watu watadhani umegonga ng'ombe.

Saa tatu nilisimama Kombewa kunywa chai. Mama mwenye hoteli aliiona mizigo akauliza ninakwenda kupaka nini. Nikamwambia.

"Huyo Oduor wa juzi?" akasema, akiniwekea mandazi mawili. "Basi pitisha rangi mara mbili, isionekane tena!"

Wanaume wawili waliokuwa wakinywa uji walicheka sana, nami nikacheka nao. Lakini nilipokuwa nafunga kofia ya pikipiki nilimkumbuka Mama Oduor akisema "hata siku moja nimuone", na kile kicheko kikanichoma.

Nilifika Asembo Bay kabla ya saa tano. Omena, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu, na boti tano au sita zilikuwa zimevutwa mchangani. Joel, anayeshika injini ya boti ya Mama na kuongoza wavuvi wake, alikuja kunisalimia kwa mikono miwili.

"Oyawore, fundi. Afadhali umekuja. Sisi tumechoka, bwana. Tukipita karibu na boti ingine wanatuimbia, 'Tisa bila bao! Tisa bila bao!' Mpaka wavu tunaitupa tukiwa na aibu."

"Kwani wewe uliionaje mechi?" nikamuuliza.

"Omera, ndugu yangu, mimi ningekuwa kocha ningemtoa dakika ya kumi. Anakimbia kama mtu amepotea njia."

Hapo tulikubaliana kabisa. Tuliichambua mechi yote tukiwa tumeegemea boti: kocha alikosea wapi, kiungo alilala wapi, na kwa nini wachezaji wa ng'ambo wakija nyumbani wanaonekana wazito. Joel alisema wameshiba. Mimi nikasema wanaogopa kuumia kwa sababu ya mikataba yao. Tulikuwa na majibu ya kila kitu.

Kisha nikatoa msasa nikaanza na ile namba, maana ndiyo iliyokuwa ikiimbwa. Nilikuwa nimekwangua mkia wa tisa nilipoinua macho kumtafuta Mama. Alikuwa ameketi kwenye stuli, amenipa mgongo, akiparuza magamba ya ngege, samaki wa ziwani. Alivaa jezi ya bluu iliyopauka kwa jua, yenye jina la Oduor mabegani. Chini ya jina kulikuwa na namba tatu, kubwa, nyeupe.

Mimi riziki yangu ni herufi na namba, siwezi kupita moja bila kuisoma. Niliweka msasa chini nikamwendea.

"Mama, hiyo jezi umetoa wapi?"

"Ni ya Oduor. Aliniletea Krismasi. Alisema ndiyo anavaanga akicheza huko."

"Tatu? Tatu ni beki wa kushoto, Mama."

Alipangusa kisu kwenye leso, bila haraka. "Mimi najua. Aliniambia kitambo, tangu wiki ya kwanza. 'Mama, huku sifungi, huku nazuia.' Hata wewe nilikuambia siku ile unaandika. Nilikuambia uandike tatu. Ukacheka. Ukasema, 'Mama, mtoto ameenda Ulaya, huyo ni tisa, mfungaji.'"

Nikakumbuka. Nilikumbuka hata mahali nilipokuwa nimesimama, na brashi iliyokuwa mkononi. Niliona aibu ambayo sijaiona siku nyingi, mimi mtu mzima, mbele ya ndoo ya samaki.

"Kwa nini hukukataa, Mama?"

"Hawa wanaume pia niliwaambia," alisema, akimwonyesha Joel kwa kisu. "Wakasema mimi sijui mpira."

Joel alikuwa ametufuata. Alikuna kichwa. "Lakini kocha ndiye alimweka mbele," akasema.

"Sawa," nikamwambia. "Wewe unashika injini. Leo nikikutoa hapo nikuweke mbele uvute wavu, itakuwaje?"

Joel aliiangalia boti. "Wavu? Tangu nianze injini ni miaka kumi na mbili. Hata sijui nitaanzia wapi." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilimwita mzigo. Juzi, hapa hapa, Min Oduor, mamake huyu, akisikia."

Mama aliendelea na samaki wake.

"Mama, nikifuta jina la Oduor kwenye boti," nikamwambia, "wewe watu watakuitaje? Niache jina. Namba nilikosea mimi, acha nirekebishe mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Andika basi. Lakini leo andika kile nimesema."

Kuanzia saa sita hadi saa nane nilifanya kazi bila mzaha. Nilikwangua tisa mpaka mbao ikaonekana, nikaandika tatu kubwa kuliko ile ya kwanza. Nikaomba ruhusa, nikaongeza chini yake kwa herufi ndogo: BEKI WA KUSHOTO. Joel alipiga picha akaituma kwa simu ya Mama, naye akamtumia mwanawe. Tulikula ngege na ugali. Jibu halikuja. Nilipoaga, Mama alinishika mkono, lakini macho yalikuwa kwenye simu.

Saa kumi nilikuwa nimefika Kombewa simu ilipolia. Nilisimamisha pikipiki kando ya barabara.

"Fundi, amepiga," Mama alisema.

"Amesema nini kuhusu namba?"

"Hajasema kitu. Amelia. Halafu ameuliza kama ngege iko. Kesho asubuhi anakuja."

Nilikaa pale kando ya barabara mpaka nikaweza kuona vizuri, ndipo nikaendesha.

Jioni niliingia kwenye kibanda kile cha kinyozi, Kondele, nikiwa na rangi nyekundu mpaka kwenye nyusi. Wenzangu, niliokuwa nimewaambia naenda kumfuta nani, walikuwa wananisubiri.

"Umemfuta?"

"Sijamfuta. Nimemrudisha nyuma, kwa nafasi yake. Huko Ulaya Oduor ni beki wa kushoto, miaka minne sasa."

"Nani amekudanganya?"

"Mamake."

Wakacheka, mmoja aliyekuwa akinyolewa mpaka akamwambia kinyozi asimame kwanza. Walicheka vilevile kama nilivyocheka mimi siku ile na brashi mkononi. Nikavuta kiti, nikangoja wamalize.