Mfuaji wa Palma, balé yake na mguu wa Hafsa

Saa tisa na nusu alasiri watoto wanatoka chuoni na juzuu zao kwapani, wanavua makubazi mlangoni mwa nyumba isiyo na paa mjini Palma. Mwenye nyumba alikimbia wakati wa vita na hajarudi. Kuta zimebaki nusu, ila sakafu ya saruji iko nzima, laini, imefagiliwa. Kando ya ukuta pamefungwa mwanzi mrefu, nao wanaushika kwa mkono mmoja.

"Mabega chini. Shingo juu. Usinitazame miye, tazama mbele!" anasema Mastura Shamte.

Watoto wanamwita profesora, yaani mwalimu. Kila wakimwita anainamisha macho, anajifanya anakaza capulana, kitenge chake, kiunoni.

Asubuhi Mastura hufua sare za wapishi wa kambi moja ya mradi wa gesi huko Afungi, kazi ya mkataba inayomlipa meticais elfu nane kwa mwezi. Mchana akirudi, mikono imechakaa kwa sabuni, hufundisha balé, dansi ya Wazungu ya kusimama wima na kunyanyuka kana kwamba mwili hauna uzito. Hamtozi mtu. Mwanzoni majirani walicheka: ngoma yetu ya tufo ina kasoro gani mpaka watoto wafundishwe kutembea kama korongo? Kisha wakaona wanachokipata watoto, wakanyamaza.

"Tangu vita mwanangu alikuwa akisikia pikipiki anaingia uvunguni," anasimulia Fátima, mama wa binti mmoja. "Sasa anasimama, anavuta pumzi kama alivyofundishwa, basi. Hata mgongo umenyooka, alikuwa anatembea kajikunja."

Hiyo ndiyo sifa. Aibu ndiyo iliyomfanya Mastura akubali kuzungumza na gazeti, tena kwa sharti kwamba yaandikwe yote.

Hakusoma balé popote. Alipokuwa msichana alikuwa yaya mjini Pemba, kazi yake ikiwa kumpeleka mtoto wa tajiri wake darasa la balé na kumsubiri barazani. Dirisha lilikuwa wazi. Akawa anatazama, usiku anajaribu jikoni, ameshika ukingo wa sinki. Siku ya kuondoka mtoto yule alimpa viatu vyake vya zamani, vile vya mbele ngumu ambavyo mchezaji husimamia ncha za vidole.

"Watu wa hapa waliniuliza, umesoma wapi? Nikasema Pemba. Ni kweli nilikuwa Pemba, lakini nilijua wao wanasikia nini. Nikawaacha wasikie."

Swali la kwanza la kina mama lilikuwa umri: mtoto aanze lini? Dirishani hakuwahi kulisikia jibu. Akatumia kipimo anachokijua kila mtu pwani hii, kile cha kumwingizia mtoto shule. Mkono unapitishwa juu ya kichwa kwenda kugusa sikio la upande wa pili. Ukiligusa, ingia darasani. Mastura akaongeza la kwake: kiganja kikilifunika sikio lote, mtoto amekomaa, avae viatu vya ncha.

Hafsa, binti wa Zuleha muuza mihogo, ana mikono mirefu. Kiganja chake kilifunika sikio na kupitiliza. Mastura hakumuuliza mama yake miaka ya mtoto. Hafsa alikuwa na miaka tisa tu.

Walijaza vitambaa ndani ya viatu vikamkaa. Hafsa alisimama juu ya ncha, akacheka, watoto wakapiga makofi. Mastura anakiri kwamba aliona raha ambayo hajawahi kuiona maishani, akamwambia asimame tena. Wiki ya tatu mtoto akalalamika mguu. Mwalimu akamjibu maneno ambayo leo yanamchoma: "Hujikazi, Hafsa. Jikaze."

Akajikaza mpaka akaanguka. Kituo cha afya walisema mfupa umepata ufa, wakamfunga gesso, ile plasta nyeupe ngumu.

Na hapo ndipo aibu ilipozaa aibu. Hafsa alimwambia mama yake kwamba ameteleza kisimani. Zuleha akaamini. Alipoona mwalimu anakuja kila jioni kumjulia hali mwanawe, akawa anamfungia mihogo ya nazi aende nayo.

"Ananiambia, Mungu akuweke, mana, dada yangu, unampenda mwanangu. Naipokea. Nafika nyumbani, naifunika, siili," anasema Mastura. "Mtoto kasema uongo kwa ajili yangu, na miye mtu mzima nimekaa kimya nyuma yake."

Alitafuta namba kwa tajiri wake wa zamani, akampigia simu Margarida, mwalimu yule yule wa Pemba ambaye Mastura alikuwa akimchungulia dirishani bila hata kulijua jina lake. Margarida hakumkemea. Alimweleza kwamba wa miaka mitatu, minne, aachwe acheze tu na muziki. Kuanzia mitano, sita, hatua nyepesi. Mafunzo yenyewe yakianza kwenye minane, yanatosha. Viatu vya ncha havivaliwi kabla ya kumi na moja au kumi na miwili, tena baada ya miaka ya mazoezi na miguu kukaguliwa, kwa sababu mifupa ya mtoto bado laini.

"Nilitamani anitukane," anasema.

Jumamosi iliyopita Mastura alikwenda kwa Zuleha, akasimama uani akasema yote: viatu, sikio, dirisha, kisima ambacho mtoto hakukiendea. Zuleha alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua uso.

"Mguu utapona," alisema mwishowe. "Lakini mwanangu hakuwa mwongo. Hilo nalo ulimfundisha wewe, mana?"

Tangu siku hiyo mihogo haiji, na Mastura anasema amestahili.

Kina mama wengine aliwaita siku iliyofuata akawaambia vilevile. Wawili waliwatoa watoto wao. Watoto waliobaki hucheza pekupeku, naye amekwisha kuuliza miaka ya kila mmoja. Likizo yake ikifika ataenda Pemba, Margarida amekubali kumfundisha tangu mwanzo, pamoja na watoto wadogo. Mwanamke wa miaka thelathini na minane atajipanga na wa miaka sita, na anasema hilo halimwaibishi hata kidogo.

Anachokitumainia hasa hakiko Pemba. Juzi alikutana na Hafsa njiani, anachechemea, gesso limechafuka kwa vumbi. Akamwomba radhi. Mtoto akamshika mkono.

"Akaniambia, nisamehe profesora, nilikuwa sijikazi." Mastura anajifuta uso kwa ncha ya capulana. "Nataka anikasirikie. Hata anitemee mate, nitashukuru. Nitaenda kwao kila wiki kumwambia halikuwa kosa lake, mpaka siku atakayonikasirikia."